Zipu za Mawakala Watatu

Sogezeni viti mje karibu, wanangu, maana sauti niliyobaki nayo siwezi kuitupa hadi mlangoni, na wewe Mkurugenzi, kwa kuwa ndivyo unavyopenda kuitwa hata na mama yako, iweke hiyo simu mfukoni. Yule mgeni aliyekaa sebuleni na mkataba wake wa kununua karakana atasubiri. Chai anayokunywa ni yangu na kiti alichokalia ni changu. Mmeniletea kalamu kitandani. Mmenishika kiganja kama mtoto anayefundishwa kuandika, mkasema, "Mama, weka sahihi hapa tu, sisi tutamaliza mengine," kana kwamba karakana ya mabegi niliyoiendesha tangu baba yenu afariki ni kabati bovu linalotafutiwa mtu wa kuliondoa. Basi kabla ya sahihi mtanisikiliza, nyote wawili, na mjukuu wangu aliyesimama hapo dirishani awe shahidi, kwa sababu ndiye pekee katika nyumba hii anayejua kunyamaza mtu mwingine akiongea.

Ulimi wangu ni mkali, najua. Nimeuombea miaka mingi na Mungu hajaulainisha, labda aliona nitauhitaji leo. Na siwachukii, nimechoka tu, uchovu wa mama aliyezaa watoto wawili wenye akili timamu kisha akawaona wanakuwa wapumbavu, kila mmoja kwa njia yake.

Wewe mkubwa unauabudu utandawazi. Kila mtu akikuuliza jambo unamjibu, "Dunia siku hizi ni kijiji." Kijiji gani hicho ambacho humjui aliyekushonea shati ulilovaa? Kwako dunia ni mashine moja kubwa, na mtu akishavisoma vitufe vyake anabonyeza na faida inatoka. Na wewe mdogo, ambaye tulikuita Redio tangu utotoni kwa sababu huzimiki, unaulaani utandawazi asubuhi na jioni. Kwako kuna watu saba wamekaa chumbani mahali fulani, wamefunga mapazia, wanapanga bei ya uzi na bei ya unga na nani ale na nani alale njaa. Nilikuuliza siku moja mezani, watu saba? Sisi hapa tuko watatu na hatujawahi kukubaliana geti lipakwe rangi gani. Ukanuna. Lakini nilikuwa namaanisha, tena kwa imani yangu naongeza hili: kudhani kwamba binadamu fulani ameishika dunia yote mkononi mwake ni kumpa binadamu kiti cha Mungu, na ninyi nyote wawili mmefanya hivyo, mmoja kwa kupiga magoti na mwingine kwa kutukana.

Sasa niwaambie habari za zipu, maana hamzisemi, mnazipita kama maji machafu barabarani. Mkurugenzi, ulikuja ofisini umenyoosha tai ukasema si busara karakana kumtegemea mwuzaji mmoja wa zipu, ukatafuta mawakala watatu, na mimi nikakusifu mbele ya washonaji. Halafu mafuriko yakaingia kwenye kiwanda kimoja huko mbali ambako hakuna kati yetu aliyewahi kukanyaga, na asubuhi moja mawakala wako wote watatu wakapiga simu kusema jambo lilelile, karibu kwa maneno yaleyale. Wote watatu walikuwa wakinunua kwenye kiwanda hicho hicho. Hukuwauliza. Wala wao hawakuulizana. Kila mmoja kwa akili yake nzuri alikwenda kwenye bei nzuri, na akili tatu nzuri zikatupeleka kwenye mlango mmoja, nao umefungwa.

Na hukuishia hapo. Kwa hofu ukaagiza kwa kila wakala mzigo mara tatu ya mahitaji yetu, ukijisemea atakayewahi ndiye atatuokoa. Kila mwenye karakana mjini alifanya hivyo hivyo, kila mmoja akijiona mjanja peke yake, na nadhani hata miji tusiyoijua. Maji yalipokauka kiwandani, wenye kiwanda wakaona milima ya oda, wakaongeza mashine, wakaajiri watu. Zipu zikaja mpaka tukazipanga koridoni na kwenye ngazi, mpaka fundi wa kukata akawa anapita ubavu. Kisha hakuna aliyeagiza tena, kwa muda mrefu, na nasikia kule watu walirudishwa nyumbani kwao, wanawake kama hawa wetu, ambao hawajui kwamba waliajiriwa na hofu yako wakafukuzwa na stoo yako.

Redio, wakati wa uhaba ulisema, "Wamezificha." Zilipofurika ukasema, "Wamezimwaga makusudi watuue." Hao watu wako saba wana kazi nyingi sana, maskini.

Aliyenieleza nikaelewa ni huyu mtoto. Alikuja likizo akachukua chaki ya kukatia, akachora nukta nukta kwenye meza kubwa, akaziunga kwa mistari. Chuoni wanaiita nadharia ya mifumo changamani. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba na jina hilo linanikwama kooni, ila mchoro niliuona. Akaniambia, "Bibi, hapa hakuna dereva. Kila mmoja anamtazama jirani yake, anasogea kidogo, na misogeo ile midogo ikikutana inazaa kitu ambacho hakuna aliyekitaka." Nikamuuliza, kama watu wanaotoka kwenye sala wakasukumana mlangoni? Akacheka. "Karibu hivyo, Bibi, ila huu mlango nao unabadilika kila ukisukumwa." Na ndiyo maana, alisema, jambo kubwa laweza kupita bila kuacha alama, na tone dogo mahali pabaya likasimamisha nchi nzima. Nikamuuliza mtu afanye nini basi, akae apige miayo? Akasema asijifanye mtabiri, aache nafasi ya kugeuka, na awe na njia zaidi ya moja, tena ahakikishe haziungani nyuma ya ukuta.

Hapo nikakumbuka Jumatatu zetu. Tangu mwanzo, kila Jumatatu washonaji walibadilishana viti: wa mikanda anakwenda kwenye mifuko ya ndani, wa mifuko ya ndani anakwenda kwenye bitana, mpaka kila mmoja akaijua karakana nzima kwa vidole vyake. Mkurugenzi uliifuta. Ulisema ni kupoteza muda, kila mtu akae na mshono wake mmoja, na kweli, sitakudhulumu, mabegi yaliongezeka. Kisha mama wa mikanda akaenda kujifungua, na mabegi yasiyobebeka yakajaa hadi dirishani huku washonaji wengine wamekunja mikono, wanamsubiri mtoto azaliwe.

Zipu zilipokosekana, mimi nilikuwa nimelazwa kwa presha na wewe ulikuwa ukiwagombeza mawakala. Hakuna aliyetoa amri. Mshonaji mmoja wa zile Jumatatu za zamani alishona begi la kamba na kifuniko, wa pembeni akaliona akaongeza kifungo, wa tatu akarekebisha kifuniko kisivuje, na wiki haikuisha meza zote zikawa zinatoa begi ambalo halikuchorwa na mtu yeyote. Mashule yakanunua. Hivyo ndivyo tulivyopona, na ninyi hamkuona, kwa sababu mmoja alikuwa akitafuta kitufe na mwingine akitafuta mchawi.

Kwa hiyo nasema mbele ya Mungu na mbele ya shahidi: sitii sahihi. Yule bwana anataka kung'oa cherehani ageuze karakana kuwa ghala la mabegi yaliyoshonwa mahali pamoja tu, na siku pale pakipata homa, mji mzima utabeba vitabu kwapani. Sikatai vya mbali. Uzi wangu ulivuka bahari tangu siku ya kwanza, ndio uliowalisha na kuwasomesha, na nauombea heri anayeusokota. Ninachokataa ni kufunga milango yote ya nyuma kisha kuita huo ni ustadi.

Karakana isiuzwe wala isigawanywe. Jumatatu zirudi, na ninyi wawili mtazikalia, kiti kwa kiti pamoja na washonaji, mpaka kila mmoja wenu ashone begi zima lisilomwaibisha. Hadi hapo funguo atashika mjukuu wangu, na asiwape mkimbembeleza. Mkurugenzi, utaendelea na manunuzi, unajua kuongea na watu. Ila kila wakala atachunguzwa kwanza na Redio. Ndiyo, wewe, usinikodolee macho. Umeishi ukitafuta nani amejificha nyuma ya nini; sasa ifuate zipu mpaka inakotoka, uugeuze ugonjwa wako uwe kazi. Mtalazimika kusemeshana. Nimekusudia hivyo.

Nyumba hii ni ya wote. Asifungiwe mtu mlango.

Yeyote niliyemwumiza kwa maneno anisamehe, nami nimewasamehe, hata hiyo kalamu. Inamisheni vichwa. Mungu awape macho ya kuona mnachokigusa mnapodhani mnagusa chenu tu. Awape mikono inayojua zaidi ya kazi moja. Awaepushe na... na kujiona... mnaelewa. Awape watoto watakaowachoka kama nilivyowachoka, na wawapende hivyo hivyo.

Mto, uinueni kidogo. Basi. Inatosha.

Mbona kimya huko chini karakanani? Leo si siku ya kazi? Nani kawaambia wazime cherehani... kwa heshima yangu? Heshima gani hiyo. Nendeni... mmoja wenu aende, yeyote. Mwambieni yule bwana chai imekwisha. Na wao waambieni washone.