Mama wa Darasa la Saa Tisa

Fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, alikaa mbele yangu kwenye basi, nywele zimelowa, taulo begani. Alikuwa akimsimulia mzee wa kiti cha pembeni yake habari za bwawa la kituo cha jamii, ingawa mzee hakuuliza.

“Daktari alisema niogelee kwa ajili ya magoti. Nikaingia darasa la saa tisa. Bila miwani niliona vichwa tu majini. Wiki ya tatu ndipo nikagundua wenzangu wote wana miaka saba.”

Sauti zao, inaonekana, hazikumwambia kitu.

“Na mwalimu kanyamaza?” mzee akaja juu. “Amekuaibisha, mama!”

“Amenisitiri, mzee wangu. Aliniandika kwenye orodha, akanipa boya kama wenzangu. Angenirudisha siku ile ya kwanza, nisingekanyaga tena pale. Mungu ambariki.”

“Bado alipaswa kukuambia.”

Basi likasimama. Mama akashuka ngazi zote tatu bila kushika chuma.

Mzee akatoa kichwa dirishani. “Basi sasa hamia kwa watu wazima!”

“Nihame vipi?” akajibu kutoka chini. “Jumamosi tunapewa vyeti!”