Mizizi ya Pale Darajani

"Eti vipimo safi, nikapumzishe akili!" Lorraine alimfokea abiria mwenzake kwenye basi la Norwich, kana kwamba ndiye daktari aliyempa majibu hayo. "Miaka minne tangu kupe aniume, magoti yanawaka moto! Sasa najitibu mwenyewe. Nachemsha mizizi ya gugu la Kijapani."

Wendell, abiria huyo, alitabasamu. Gugu hilo vamizi ndilo lililompa ajira: kulipulizia sumu kando ya barabara.

"Unachimba wapi, dada?"

"Pale darajani. Jana nilijaza kikapu."

Tabasamu likamfia. Juzi, Jumanne, alikuwa amepulizia sumu pale pale.

"Dada, usiinywe hiyo dawa!"

Basi likasimama. Lorraine akainuka, amekumbatia chupa yake ya chai ya mizizi.

"Na wewe pia? Kumbe lenu moja, wewe na daktari!"

Akashuka, akapiga funda la hasira, mlango ukajifunga.