Aleksi Havyarimana na Sindano Niliyoiagiza Mimi

Baba Paroko, ndugu na majirani, anayewasomea ni Eustace, mdogo wake marehemu.

Aleksi Havyarimana alizaliwa tarehe 3 Mei 1975 hapa Ulyankulu, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Nikodemo na Mama Magreth, waliotoka Burundi mwaka 1972.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1989. Alifaulu, lakini mwaka ule mvua ya mawe iliipiga tumbaku yetu, akabaki nyumbani. Hakulalamika. Mimi ningelalamika mpaka leo.

Mwaka 1998 aliajiriwa kufagia katika hospitali moja mjini Tabora. Mzee Sabiri wa chumba cha maiti aliona ana mkono wa taratibu, akamfundisha kuosha miili, kuishona daktari akishamaliza uchunguzi, na kuipiga dawa ya kuihifadhi isiharibike. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na sita. Kila mwili ulioingia aliusalimia, na wazee aliwaamkia shikamoo. Tulipomcheka alisema, "Wataniitikia tukikutana."

Tarehe 8 Septemba 2001 alifunga ndoa na Janeti. Wengi tuliogopa mikono ya Aleksi, kwa kuwa ilishika maiti. Soda aliyoifungua yeye ilibaki mezani, nami nilikuwa mmoja wa walioiacha. Siku ya posa Janeti alichukua kiazi mkononi mwa Aleksi, akakila mbele ya baba yake, akaomba kingine. Mzee akasema, "Huyu keshaolewa. Tuongee mahari tu."

Kwenye ratiba mliyo nayo pameandikwa kwamba aliugua ghafla akafariki. Ni kweli, ila si yote. Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2024 alikuwa nyumbani likizo. Sisi tulikuwa shambani. Alikula peke yake ugali na kisamvu alichopika Janeti, akaanza kutapika na kushika kifua, na saa kumi jioni akakata roho kabla gari halijapatikana.

Mwanawe Ishimwe alikuwa Mtwara, safari ya siku mbili. Joto la Oktoba mnalijua, na zahanati yetu haina jokofu. Nikampigia Mwamvita, aliyefanya kazi na marehemu, aje na dawa. Jumapili asubuhi alifika, akauangalia mwili, akaweka mkoba chini.

"Kaka Eustace, mwili wa aliyekufa ghafla haupigwi dawa kabla daktari hajaupima. Aleksi alikuwa anagombana na ndugu za watu kwa jambo hili hili."

Nikamwambia, "Huyu ni kaka yangu, si kesi. Unataka mwanawe aje akute harufu?"

Alimpiga sindano huku analia.

Jumatatu baba yetu mdogo, Yoramu, alisema mbele ya waombolezaji kwamba kisamvu kilitiwa sumu. Aliyekwenda polisi kuomba mwili upasuliwe ni Janeti mwenyewe. Jumatano daktari aliupasua, kisha akatuita.

"Moyo wake ulikuwa umepanuka, huenda ndio uliomuua. Lakini sumu siwezi kusema ilikuwepo, wala siwezi kusema haikuwepo. Dawa ya kuhifadhi imeshapita kila mahali, imeharibu vipimo. Nani aliagiza?"

Nikasema ni mimi. Janeti akauliza kama kipo kipimo kingine, hata Dar es Salaam. Daktari alisema hakipo. Karatasi yake imeandikwa kwamba sababu ya kifo haikuthibitika, na ukoo umeisoma unavyotaka.

Mimi naamini ni moyo. Janeti hakuua mtu. Nimewaeleza wazee mara tatu, wakanijibu kwamba shemeji amenilisha kitu. Maji yakimwagika hayazoleki, na aliyeyamwaga ni mimi. Naumia, na sijui maumivu haya yanamsaidia nani.

Marehemu ameacha mama yake, Magreth. Watoto wawili, Ishimwe na Stela. Mdogo mmoja, ambaye ni mimi. Na mjane, Janeti, ambaye niliagizwa nisimtaje. Ukoo umemkataza kutupa udongo kaburini. Yuko kule nje ya uzio wa makaburi, amesimama peke yake, na Ishimwe hajamwamkia mama yake tangu afike.

Bwana akupe usingizi mwema, kaka. Mkeo sikumwachia hata karatasi ya kumtetea.