Siku Mto Uliposahau Maneno

Tumsifu Yesu Kristo, wagonjwa wenzangu na ninyi mnaotuuguza. Na ninyi ndugu zetu Waislamu, salamu zenu nazo nimezileta, zipokeeni. Mniwie radhi nazungumza nikiwa nimekaa, mguu huu wa kulia haujakubali bado kusimamia maneno marefu. Na nikinyamaza katikati msishtuke. Sijafa, natafuta neno.

Mimi ni fundi viatu hapa Viwanja Sitini. Wengi wenu nimewashonea, na mama yule wa dirishani naona kavaa katambuga zangu, tairi lile halitaisha leo wala kesho. Kazi yangu ya pili ni kutunga maigizo. Mpunga ukishaingia ndani, tukishamaliza misa ya shukrani ya mavuno, sisi mafundi wa sokoni huwa tunaigiza uwanjani pa kanisa, mji mzima unatazama. Fundi cherehani anakuwa mwenyekiti, mama lishe anakuwa hakimu. Hakuna aliyetusomesha hayo mambo, tunayapenda tu.

Natungia palepale kibandani nikigonga soli. Karatasi siitumii, maana wenzangu wengine kusoma kwao ni shughuli. Mtu akileta kiatu, namfundisha maneno yake kwa mapigo ya nyundo, ko, ko, ko, amesimama peku mbele yangu. Kiatu hakipati mpaka ayaseme sawasawa. Wananisema sana kwa hilo, lakini wanashika.

Mwaka ule wa mafuriko nilitunga kesi ya Mto. Mafuriko yale mnayajua, hakuna asiyepoteza kitu. Basi nikasema Mto nao uitwe barazani, ushtakiwe kwa kubomoa nyumba za watu na kulaza mpunga. Wa kuwa Mto nikamchagua jamaa wa mashine ya kukoboa, Msukuma mmoja anayetokea Idete, pande la mtu, sauti yake inashindana na mashine yenyewe.

Tulikuwa bado tunajifunza. Asubuhi moja mteja akaniamkia, "Shikamoo fundi." Nikataka kuitikia marahaba. Nyundo ikaniponyoka, mdomo ukaenda upande, na kilichotoka ni neno moja: "Gundi."

Kilikuwa kiharusi. Ndugu zangu, nawaambia, hospitalini nilitoka na roho yangu na neno hilo moja. Kichwani nilikuwa na kila kitu, majina ya wanangu, sala zangu, maigizo yangu yote. Nikifungua mdomo, gundi. Mke wangu ananiuliza, "Unataka uji?" Gundi. "Maji? Nikugeuze?" Gundi, gundi. Wageni wakija wananimalizia: anataka kulala huyu, anataka kwenda chooni. Mimi sitaki lolote katika hayo. Nilikuwa naugeukia ukuta nalia, mtu mzima, na hata kulia kwenyewe kulikuwa kwa upande mmoja. Mtu wa maneno kunyang'anywa maneno! Nilimwomba Mungu anichukue, na hata hilo niliomba kimoyomoyo maana mdomoni lingetoka gundi.

Maneno ya mtaani nayo hayakukosekana. Wakasema Mto umekasirika, huwezi kuupeleka Mto barazani ukabaki salama. Shemeji yangu akaja na nauli mkononi anipeleke kwa mtaalamu mmoja huko Chita. Mke wangu akamjibu, "Shemeji, kama Mto una ugomvi, ungewashika wote wanaojifunza igizo hilo. Mbona hakimu bado anauza wali na maharage?" Shemeji akarudi na nauli yake.

Mavuno yakafika. Wenzangu wakaamua wataigiza hivyohivyo bila mimi. Nikakataa kwenda. Nilikataa kwa kichwa, kwa mkono mzima, kwa gundi zote nilizonazo. Mke wangu hakubishana. Alinivalisha shati la misa, akaita bajaji, akaniketisha kwenye benchi la mbele.

Ikaanza. Mwenyekiti akasoma mashtaka, watu wakacheka, hakimu akaita mshtakiwa. Jamaa wa mashine akatoka amejitanda turubai la bluu, watoto wakapiga kelele. Akaulizwa na hakimu, "Wewe Mto, una la kujitetea?" Hapo ndipo penye maneno yote ya igizo zima. Jamaa akafungua mdomo. Kimya. Akameza mate. Kimya tena. Na mimi najua kwa nini: yale maneno aliyajulia kwenye nyundo, na pale uwanjani nyundo haikuwepo.

Akanitazama. Akasahau kabisa kwamba mimi ni mgonjwa, akasema kwa sauti, "Fundi, gonga!"

Nilikuwa na fimbo mkono wa kushoto. Nikagonga mguu wa benchi. Ko, ko, ko. Yeye bado kimya. Nikagonga tena, na mara nikasikia mtu anasema:

"Mnaniita mwizi. Mimi sikuwajia ninyi, ninyi ndio mlionijia. Mlikuta njia yangu mkailima. Mlikuta ninapolala mkajenga. Mwaka nilipokosa kuja mlilia njaa, mwaka niliokuja mnalia tena. Niambieni basi, nipite wapi?"

Niligeuka nyuma nimwone msemaji. Kumbe ni mimi! Ndugu zangu! Sijui niwaelezeje. Maneno yalitoka mazima, yamenyooka, na sauti ilikuwa yangu ileile ya zamani, kama mtu aliyesafiri akarudi na kufungua mlango bila hodi. Mke wangu alinishika bega. Jamaa wa mashine, lile pande la mtu, alipiga magoti na turubai lake, akaanza kuyarudia maneno yale nyuma yangu, machozi yanamtoka.

Igizo lilipokwisha watu wakanizunguka, "Sema, fundi, sema!" Nikajikusanya niwashukuru. Nikasema, "Gundi." Wakacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikacheka nao, mara ya kwanza tangu niugue.

Yule dada anayetufanyisha mazoezi hospitalini aliposikia habari hii hakuniona mwongo. Alisema maneno yaliyofundishwa kwa mapigo huenda yana mlango wao mwingine kichwani, tuupitie huohuo. Basi tukawa tunagonga meza, pigo moja kipande kimoja cha neno. Ma-ji. U-ji. Siku nyingine ninakwama asubuhi mpaka jioni. Lakini sentensi yangu ya kwanza isiyo ya igizo nilimwambia mke wangu akiwa anafua mashuka yangu. Nilimwambia, "Kaa na wewe." Akakaa chini palepale kwenye majimaji.

Sote humu tunadhani tunajua kilichopotea ndani ya mgonjwa. Hatujui. Mungu ameficha vitu humu kichwani, ameviweka mahali ambapo mwenye nyumba mwenyewe hapajui.

Nawashukuru mafundi wenzangu, waliocheza igizo langu wakati mimi nilishalizika. Namshukuru jamaa wa mashine kwa kusahau, maana angekumbuka ningekuwa bado naugeukia ukuta. Namshukuru dada wa mazoezi. Na ninyi mnaouguza, nawaomba jambo moja tu: mgonjwa akitafuta neno, msimmalizie. Mngojeni. Hata likichelewa, mngojeni, ni lake.

Nimebakiza mtu mmoja, yule aliyekaa karibu na mlango anajificha kwa kitenge. Kuna neno ninalodaiwa na mke wangu tangu siku ile ya kwanza, na ndilo linalonigomea kuliko yote. Nalisema kwa kila mtu, nikimtazama yeye linakimbia. Nataka kujaribu mbele yenu.

Mke wangu, a...

Hapana, msinisaidie. Ngojeni.

A...

Asante.