Miasumini ya Dirishani kwa Nguma Katana

Wazee wetu, mama zetu na majirani mliotoka Mikindani, Changamwe na Rabai, baba yangu Kitsao ameniomba niwasomee habari za maisha ya babu yangu, Nguma Katana, tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 12 Machi 1949.

Babu alizaliwa Rabai mwaka wa 1887, mtoto wa tatu wa mzee Katana na mama Kaviha. Siku yenyewe haikuandikwa. Ukimwuliza, alijibu, "Mama alisema ilikuwa wakati wa kupalilia. Hesabu mwenyewe."

Alisoma shule ya misheni hapo hapo Rabai tangu 1896 hadi 1902. Alijifunza kusoma, kuandika na kuimba sauti ya chini, na sauti hiyo aliimba kanisani mpaka kifua kilipomkataza.

Mwaka wa 1913 alipata kazi ya kutunza bustani Port Reitz, akaifanya hadi 1945. Vichaka vya maua vilivyozeeka alivipogoa kwa subira. Hakukata juu juu. Aliingiza mkono ndani, akatafuta shina kuukuu, akalikata chini karibu na ardhi ili mwanga ufike katikati.

Alimwoa bibi yetu, Mapenzi binti Mramba, tarehe 20 Julai 1912. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kitsao na Margaret. Mwaka wa 1924 walihamia Mikindani, na huko, mwaka wa 1936, shangazi Margaret alipanda miasumini chini ya dirisha la chumba cha wazazi wake. Alifariki tarehe 8 Juni 1938. Tangu siku hiyo Bibi alikataza chuma chochote kisiguse miasumini ile.

Babu alitii, lakini si sana. Bibi akienda kwenye mkutano wa kina mama, yeye alitoa mkasi akapunguza ncha tu, haraka haraka, asijulikane. Kazi ambayo asingeifanya Port Reitz aliifanya kwake. Kwa nje miasumini ilikuwa mviringo mzuri, lakini kila ncha iliyokatwa ilizaa nyingine nyingi, majani yakasongamana, na ndani vikabaki vijiti vikavu. Mwishowe dirisha halikufunguka.

"Baba Kitsao, kinyozi amepita hapa?" Bibi alimwuliza siku moja.

"Labda mbuzi."

"Mbuzi huyo mjuzi. Amezungusha vizuri kuliko kichwa chako."

Mwaka wa 1946 Babu alishikwa na maradhi ya kifua. Daktari alimwambia alale penye hewa. Chumba kilikuwa giza na kilinuka unyevu, na Bibi hakutaka kuhama wala kukata. Nilikuwapo Babu alipomwomba.

"Mama Kitsao, sipati pumzi."

"Ukiikata, nitabaki na nini cha Margaret?"

Babu akasema, "Sitaikata yote. Mwaka huu theluthi, mwakani theluthi, mwaka wa tatu tumalize. Yale mashina ya zamani tu. Mizizi ni ile ile aliyoitia yeye. Na wewe ndiwe utakayenionyesha la kukata."

Basi Machi 1947, kabla ya masika, Bibi aliketi kwenye kigoda akielekeza.

"Hilo?"

"Hapana."

"Hili, je? Limekufa hili."

"Limekufa, lakini hapana."

Ilichukua siku nzima. Nilimwuliza Babu kwa nini hakasiriki. Akasema, "Hajakataa. Anaaga."

Mvua ziliponyesha, machipukizi yalitoka chini kabisa, na maua yakaja mengi. Machi 1948 walikata theluthi ya pili, na dirisha likafunguka. Babu alilala mbele yake mwaka wote. Kifua hakikupona, ila alisema usiku ulikuwa umepungua urefu.

Mwezi uliopita alizidiwa. Alikumbusha kwamba theluthi ya mwisho ingojewe mwezi huu, akamwambia Bibi, "Nitakushikia kigoda." Alifariki jana, Ijumaa, alfajiri, dirisha likiwa wazi.

Ameacha mjane wake, Mapenzi. Mwanawe, Kitsao, na mkewe, Pascalia. Dada yake, Jumwa. Na wajukuu watano, wanafunzi wote isipokuwa mdogo.

Maua mnayoyaona juu ya jeneza ni ya dirishani. Asubuhi ya leo baba alitaka kuyachuma, Bibi akamwambia, "Lete mkasi." Hakukaa kwenye kigoda. Aliinama mwenyewe, akashika shina la zamani, lile alilolikataa mwaka wa kwanza na wa pili, akalikata chini karibu na ardhi, kama alivyokuwa akifanya Babu.

Mungu amlaze mahali penye hewa na mwanga, na amani iwe yake. Amina.