Bi. Millicent Okinyi, Aliyeuliza Shule Inataka Nini

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Bi. Millicent Okinyi anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika kampuni yetu ya uchapishaji. Alianza akifunga vitabu katika karakana yetu ya zamani, River Road. Anaondoka hapa Westlands akiwa msimamizi wa ushirikiano na shule.

Sisi wa River Road tunakumbuka gundi iliyomganda vidoleni hata Jumapili kanisani, na chai ya saa nne ambayo yeye husema haijapata mfano tangu tuhamie jengo lenye lifti.

Sifa zake, hata hivyo, zilitoka Kabiria. Mwaka 2006 tuliipa shule moja ya sekondari huko kompyuta kumi. Mwaka uliofuata, siku chache kabla ya kupeleka nyingine kumi, Bi. Okinyi, au Mama Ivyne kama tunavyomwita kwa jina la bintiye, alipitia shuleni. Alizikuta zile za kwanza zimefunikwa shuka, hazijawahi kuwashwa. Chumba hakikuwa na umeme. Mwalimu mkuu, Bw. Hezekiah Mungai, alimwambia kwa upole, "Tulishukuru, mama. Lakini hakuna mtu alituuliza tunataka nini."

Wapiga picha walikuwa wamekwisha kualikwa. Hata hivyo alimwendea mkurugenzi, Bw. Ken Oduor, akamwambia sherehe isubiri. Mkurugenzi aliwaka, wiki mbili nzima hakuitikia salamu zake. Tulidhani kazi yake imeota mbawa. Wiki ya tatu wawili hao walikuwa wameketi katika chumba cha walimu Kabiria, walimu wakisema, Bw. Oduor akiandika.

Waliomba umeme kwanza. Kisha fundi wetu mmoja kila Alhamisi, kwa ratiba ya mihula yao wala si misimu yetu ya kazi. Na walimu waje kiwandani kujifunza wakati wa likizo. Nasi tulifaidi: mwalimu wa kemia, Bi. Nanjala, ndiye aliyetufumbulia kwa nini wino ulikataa kukauka wakati wa mvua.

Mwezi uliopita shule hiyo ilituandikia kwamba mwakani haitamhitaji fundi wetu. Walimu wake sasa wanaimudu kazi. Wengine tulinuna kidogo. Mama Ivyne aliisoma barua mara mbili, akavua miwani, akafuta macho. "Hii ndiyo nilikuwa nangoja," akasema.

Asante, Mama Ivyne. Mungu akujalie siha, wageni wa kukuchekesha, na asubuhi nyingi zisizo na king'ora cha zamu.