Naomi Chepkoech, Mwalimu wa Walimu Aliyefungiwa Nje

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni au njiani kutoka kazini, karibuni. Leo tunamkumbuka Naomi Chepkoech. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wakufunzi wa chuo kukagua na kurekebisha kozi zao za mtandaoni. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, hapa Sydney, kwa saratani ya ini. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Alikuja kutoka Eldoret akiwa mwanafunzi. Huko Kensington, mtaa wa hapa Sydney, aliishi chumba kimoja na wenzake watatu. Muhula wa kwanza alifeli somo zima, maana hakujua mtihani umewekwa ukurasa gani wa kozi mtandaoni. Alijifungia bafuni akalia. Kiptoo, mdogo wake, anasema, "Dada hakuwahi kusahau ile aibu. Alikuwa analijua somo lenyewe vizuri kabisa."

Miaka miwili iliyopita, wasikilizaji wapendwa, chuo kimoja kilimpa kazi ya kufundisha wakufunzi. Mmoja wao aliitwa Bruno, mwalimu wa kozi ya utunzaji wa wazee. Chepkoech alimketisha Bruno karibu na mwanafunzi wa kozi hiyo, Marie-Jeanne, mama Mkongo wa mtaa wa Cabramatta anayesomea kwenye simu.

"Mama, fungua kazi ya wiki ya tatu," Chepkoech alimwambia. "Na wewe Bruno, usiseme kitu. Tazama tu."

Marie-Jeanne alibonyeza hapa, akabonyeza pale. Dakika ishirini zikapita. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, fasi ya kutia kazi iko wapi?"

Bruno alishika kichwa. "Miaka sita nimewaambia wanafunzi kwamba hawajitahidi."

Wakairekebisha pamoja. Maelekezo yakawa mafupi. Tarehe zote zikakaa ukurasa wa kwanza. Muhula ule Marie-Jeanne alifaulu masomo yote.

Kisha mambo mawili yakatokea mwezi mmoja. Chepkoech aligundulika kuwa na saratani. Na chuo kikahamishia kozi zote kwenye mfumo mpya, lakini kikachukua nakala za zamani. Marekebisho yote yakapotea.

Akiwa kitandani hospitalini, simu yake haikutulia. Marie-Jeanne alimwandikia, "Dada, sioni tena." Chepkoech alijaribu kuingia kwenye kozi ile. Mfumo ukamkataa. Alikuwa kwenye likizo ya ugonjwa, na akaunti yake ilikuwa imefungwa. Aliandikia chuo barua pepe. Akaandika ya pili. Akaandika ya tatu, Kiptoo akimshikia simu. Hakujibiwa. Bruno naye aliomba ruhusa ya kurekebisha. Akaambiwa asubiri muhula uishe.

Marie-Jeanne alichelewesha kazi mbili, akaondolewa kwenye kozi. Alikwenda hospitali kumweleza mwenyewe.

"Nisamehe, Mama," Chepkoech alisema. "Najua kabisa pa kubonyeza. Siwezi kufika."

"Usilie, dada. Pona kwanza."

Hakupona. Siku nne baadaye alifariki. Kiptoo anasema, "Nilikaa pale na maji kwenye kikombe. Hata kunywa hakuweza. Sikuwa na la kufanya."

Kozi ile, wasikilizaji wapendwa, mpaka leo haijarekebishwa. Marie-Jeanne anapanga maboksi kwenye ghala huko Lidcombe. Tungependa kuwaambia vingine, lakini ndivyo ilivyo.

Kwako Kiptoo, kwa mama yenu Eldoret, kwa Bruno na wenzake wote: poleni sana. Mungu awashike mkono.

Nasi tunaobaki, tuzitazame simu zetu. Kama kuna mtu aliyekuandikia akiomba msaada, mjibu leo. Hata kama huna uwezo, mwambie huna uwezo. Asife akisubiri.